Wingi wa mifugo pekee hauangamizi malisho

MKULIMA wa Kitale au Bungoma anayemkatia ng'ombe wake nyasi za nepia huamua mwenyewe zipi zikatwe na lini. Katika nyanda kame, uamuzi huo hufanywa na ng'ombe, na hapo ndipo madhara huanza.

Barabara ya Kitale kwenda Lodwar hupita Kapenguria hadi Chepareria, Pokot Magharibi, ambako katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya malisho ilikuwa imebaki udongo mtupu na makorongo. Aghalabu lawama hutupiwa wingi wa mifugo, ilhali mtawanyiko wake nao huchangia pakubwa.

Mifugo hupenda kulisha karibu na maji na boma, tena huchagua kwanza nyasi laini. Nyasi inayoliwa mara kwa mara kabla ya kuchipua vyema humaliza akiba iliyo mizizini, ikafa. Udongo uliokanyagwa hugandamana, maji ya mvua yakatiririka badala ya kupenya. Wakati huohuo, maeneo ya mbali yasiyofikiwa huota nyasi ngumu na vichaka. Hivyo malisho yaweza kuharibika hata pale ambapo mifugo si mingi mno.

Shirika la Vi Agroforestry kutoka Sweden, lililoanza kazi Kitale mwaka 1983, lilishirikiana na wakazi wa Chepareria kuzungushia viwanja nyua za miti na mimea. Ardhi ilipumzishwa na nyasi kupandwa, kisha mifugo ikaingizwa kwa vipindi. Nyasi zilirejea, na familia nyingi zikapata maziwa zaidi na nyasi za kuuza.

Hata hivyo, kila ua hupunguza malisho ya pamoja na huweza kuziba njia ya kuelekea majini. Asiye na kiwanja husukumwa na mifugo yake katika sehemu chache zilizosalia, na ardhi hiyo hukanyagwa maradufu. Kiangazi kikizidi, hata mwenye ua huhitaji kuhamisha mifugo.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuweka masharti ya matumizi ya malisho yake. Masharti yatakayofaa ni yale yatakayoipa kila sehemu zamu ya kupumzika, na kuacha wazi njia za mifugo. Bila hayo, ua utaponya ardhi ya mmoja na kuidhoofisha ya jirani yake.