Uliona vizuri, sasa uliogopa nini?

Jumamosi moja ya mvua tulikusanyika watu kumi na wawili katika lupango ya rafiki yetu kule Katuba, karibu wote watu wa mine: soudeurs, mafundi wa umeme, chauffeurs wa magari makubwa. Kila mutu alitoa dola 10. Jeton hatukuwa nazo, tukatumia vifuniko vya Simba. Mchezo ulikuwa pokeri, kwa namna ya turnoa: vifuniko vyako vikiisha, unatoka, unakwenda kukaa na wale wanaochoma nyama.

Tulipobaki wanne, mbele yangu alikuwa muzee mmoja ambaye nilimwangalia jioni nzima. Akiwa na karte nzuri, anaongea polepole, anaangalia pembeni, anaomba hata bia. Akiwa hana kitu, anakukazia macho na kuweka vifuniko kwa nguvu, mpaka meza inalia. Basi akavisukuma vyote, pwaa! Mimi nilikuwa na dame mbili, na vifuniko vingi kumupita. Ndani ya kichwa nilijua: huyu hana kitu. Lakini mkono ukatupa karte. Akafunua saba na nne. Watu wakacheka. Kijana mmoja akaniuliza: "Yaya, uliona muzuri, sasa uliogopa nini?"

Sikuwa na jibu.

Kosa hilo si la watu wa Katuba peke yao. Mwaka 2003, kule Las Vegas, watu 839 walicheza turnoa kubwa ya pokeri duniani, kila kiti dola 10.000. Mwisho walibaki wawili: Sammy Farha, mchezaji wa kazi, mzaliwa wa Lebanoni, na Chris Moneymaker, mtu wa hesabu ofisini, aliyepata kiti chake kwa kucheza kwenye intaneti kwa pesa kidogo sana. Moneymaker alikuwa anangoja pike ya kutimiza karte tano za rangi moja, pike haikuja. Akasukuma vyote na mikono mitupu. Farha alikuwa na tisa mbili, alikuwa anashinda. Akasema kwa sauti kwamba labda mwenzake alikosa rangi yake. Njo ilikuwa kweli kabisa! Halafu akatupa karte. Moneymaker alirudi nyumbani na dola milioni 2,5.

Farha alisoma vizuri, akakataa kusadiki alichosoma. Nafikiri ni kwa sababu hesabu ya macho haina karatasi. Unakumbuka tu: mara ya kwanza aliweka kidogo, mara ya pili alichelewa, mara ya tatu aliharakisha. Wengi wanafikiri ni uso unaosema. Uso unadanganya kirahisi. Angalia kile mtu anachoweka mezani, na wakati anaoweka.

Miaka kadhaa imepita, nilikuwa delege katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Tulidai prime ya zamu ya usiku. Patroni akatuambia bei ya shaba imeanguka, tukikaza watafunga sehemu moja ya kazi. Lakini juma lile lile nilikuwa nimeona magari mapya yakishushwa, na bus za zamu ya usiku zimeongezwa. Mtu anayetaka kufunga hanunui gari. Mwenzangu mmoja alinivuta koti: "Ile ni bongo, usitie sinyature." Nilitia. Zamu ya usiku haikufungwa hata siku moja, na wenzangu walikaa mwaka mzima bila ile prime. Mama mmoja, bibi ya mufanyakazi, aliniuliza sokoni kama nililipwa matabisi. Sikulipwa. Niliogopa tu, lakini kumueleza mtu jambo hilo ni kugumu kuliko kukubali kwamba ulikula pesa.

Serikali yetu, ambayo mara nyingi naipigia kelele, mwaka 2018 haikuogopa. Sheria mpya ya mine ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka 2% hadi 3,5%, na ikaweka 10% kwa madini yatakayoitwa ya kimkakati. Mwisho wa mwaka kobalti ikaingia humo. Wakubwa wa makampuni, Glencore na Randgold kati yao, walifika Kinshasa kumwona Rais Kabila, wakatisha kwenda mbele ya waamuzi wa kimataifa. Tarehe 9 Machi akatia sahihi. Makampuni yalibaki. Shimo la shaba haliwekwi katika sanduku na kupelekwa Zambia, kila mtu pale mezani alijua.

Lakini tusidanganyane. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa hapa mjini, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Upande wa pili ukiwa na bunduki, kusoma uso wake hakutoshi. Hata kwenye turnoa, kabla ya kujibu hesabu vifuniko vyako. Ukiwa navyo vingi, kosa moja linakuumiza tu. Ukiwa navyo vichache, linakutoa. Sendika isiyo na kitu ndani ya kesi haiwezi kugoma mwezi mzima, hata kama imemsoma patroni kama gazeti. Na wako wale wanaosema "namujua huyu" kumbe wanamuchukia tu. Hiyo si kusoma.

Juma lililofuata tulirudi Katuba. Yule muzee akaweka vifuniko vyake kwa nguvu, pwaa, akanikazia macho. Mara hii nilisadiki macho yangu, nikaweka vyangu vyote. Akafunua as mbili. Kumbe yule kijana alikuwa amekwisha kumwambia yote niliyosema juu ya mkono wake. Nilitoka wa tano, nikaenda kugeuza nyama.