Televisheni zinavyouza watazamaji kabla hawajapatikana

VITUO vikubwa vya televisheni nchini Marekani huuza sehemu kubwa ya nafasi za matangazo ya biashara miezi kadhaa kabla ya msimu wa vipindi kuanza mwezi Septemba. Kinachouzwa hasa ni ahadi ya idadi ya watazamaji, inayokadiriwa kwa takwimu za miaka iliyotangulia.

Makadirio yakiwa madogo mno, kituo kimeuza kwa bei ya kutupa. Yakizidi hali halisi, kampuni zilizolipia matangazo hufidiwa kwa nafasi za bure. Kwa sababu hiyo vituo huweka akiba ya nafasi, ingawa nafasi isiyouzwa hadi kipindi kirushwe ni hasara isiyorudi.

NBC ilionja hali hiyo mwaka 2021. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipata wastani wa watazamaji milioni 15.5 wakati wa usiku, ilhali ile ya Rio mwaka 2016 ilivuta takriban milioni 27. Kituo kikalazimika kuzungumza na wateja wake kuhusu fidia.

Kuipanga fidia nako kuna kazi, kwani matangazo ya kampuni mbili shindani, mathalani za magari, hayafuatanishwi, na kila nafasi ya bure huondoa moja ambayo ingeuzwa.