Mgahawa mdogo: Mtaji huishia kwenye upawa

Bei ya mchele kwa kawaida hupanda kuanzia Desemba hadi mavuno mapya ya Mbeya na Morogoro yanapoingia sokoni kuanzia Mei. Msimu huo ndio unaoonyesha ni mgahawa upi una uongozi na upi unaendeshwa kwa kubahatisha. Wenye migahawa midogo jijini Dar es Salaam hununua mchele ule ule wa Tandale na nyama ile ile ya Vingunguti. Bei ya sahani nayo ni vigumu kuipandisha, kwani mteja wa mchana huhama kwa tofauti ya shilingi 500 tu. Kinachobaki mikononi mwa mwenye mali ni jinsi anavyowasimamia watu wake wa jikoni.

Chukua mfano wa mgahawa unaouza sahani 140 za wali kwa siku. Kilo moja ya mchele ikipikwa hutoa takriban kilo 2.8 za wali, yaani sahani saba za gramu 400. Kwa hesabu hiyo zinahitajika kilo 20. Mpakuaji akizidisha mkono, kilo moja ikatoa sahani sita, sahani hizo hizo 140 zitakula zaidi ya kilo 23. Mchele ukiwa shilingi 3,000 kwa kilo, tofauti ni shilingi 10,000 kwa siku, au 260,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Fedha hizo hakuna aliyeziiba, na ndiyo maana hakuna anayezitafuta.

Wengi hudhani dawa yake ni ukali. Mpakuaji aliyefokewa leo, kesho hupunguza hadi wateja wanung'unike, na baada ya wiki mkono wake unarudi pale pale. Msimamizi anayeijua kazi humpa kipimo cha bakuli au upawa mmoja, husimama naye kwa sahani kumi za kwanza, kisha kila jioni hulinganisha kilo zilizotoka stoo na sahani zilizouzwa. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Hata hivyo, kipimo bila masikilizano huleta ugomvi. Mchele mpya hunywa maji kidogo na hauvimbi kama mchele uliokaa, hivyo baada ya mavuno kilo hutoa sahani pungufu hata kama upawa ni ule ule. Mpishi ndiye wa kwanza kulifahamu jambo hilo. Msimamizi asiyemsikiliza mpishi wake atamshuku bure, na mpishi mzuri akishukiwa hachukui muda kupata kazi mtaa wa pili.

Upande wa manunuzi, anayetumwa sokoni asiwe ndiye anayepokea mzigo. Gunia la viazi la lumbesa halina uzito unaoeleweka, na bei yake haimwambii mnunuzi chochote mpaka viazi vipimwe. Mizani ya mlangoni, isiyobagua mgeni wala shemeji, huondoa maneno mengi. Na shemeji ndiye tatizo kubwa katika biashara hizi: ndugu wa mwenye mali anayekula bila kuandikwa na kumpa mpishi amri zinazopingana na za msimamizi. Mpishi mwenye mabosi wawili humtii aliye karibu. Ndugu apewe kazi na mshahara unaojulikana, au ale kama mteja.

Daftari la madeni nalo linahitaji mwenyewe. Mafundi wa ujenzi hula kwa mkopo hadi siku ya malipo, na kuwakatalia wote ni kuwafukuza. Lakini mhudumu akiachiwa kuamua nani akopeshwe, atakopesha rafiki zake. Ruhusa itoke kwa mtu mmoja, kiwango kiwe kimoja, na deni lisome jina la mlaji pamoja na la mhudumu aliyempa.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza mtaji katika mgahawa, kukagua viti na rangi ya ukuta hakutoshi. Aombe daftari la stoo na la mauzo kwa miezi miwili, mmoja wapo ukiwa wa Ramadhani, wakati biashara ya mchana inapopungua na wapishi wakabaki wale wale. Kisha amuulize mpishi, mwenye mali akiwa hayupo, ni nani anayemwambia apike kilo ngapi.