Treni ya watalii Panama na mashamba yaliyo chini ya ziwa

WATALII wanaoshuka melini katika bandari ya Colón, nchini Panama, huuziwa safari ya siku moja isiyo na usumbufu. Wanapanda treni yenye behewa la paa la vioo na baada ya saa moja hivi wameshavuka nchi nzima, kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Pasifiki, umbali wa kilomita 76. Huko basi huwapeleka Miraflores kutazama meli za mizigo zikipandishwa na kuteremshwa kwenye milango ya maji ya mfereji, kisha wanarudishwa melini kwao. Njiani baadhi yao hununua vitambaa vya kushona kwa mkono vya wanawake wa Kiguna, na siku imekwisha.

Sehemu ya safari wanayoipiga picha zaidi ni Ziwa Gatún, ambalo reli hupita kando yake na mahali pengine katikati ya maji kabisa. Linapendeza, lina visiwa na msitu pande zote. Lakini hilo si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa kwa kuuziba Mto Chagres ili mfereji upate maji, na mfereji wenyewe ulifunguliwa Agosti 15, 1914.

Msomaji wetu mkulima ataelewa haraka jinsi biashara hii inavyokwenda, maana ni kama umwagiliaji wa kutumia mteremko. Ziwa liko mita 26 hivi juu ya usawa wa bahari. Meli ikiingia, maji ya ziwa hufunguliwa yajaze chumba chake na kuinyanyua ngazi kwa ngazi, bila pampu. Ikishuka upande wa pili, maji hayo huishia baharini. Meli moja hutumia takriban lita milioni 200 za maji baridi. Ukitaka kuyabeba kwa lori la lita 10,000, ungehitaji safari 20,000. Na ziwa hilohilo ndilo linalowapa maji ya kunywa wakazi wa Jiji la Panama na wa Colón.

Reli anayopanda mtalii leo siyo ile ya kwanza iliyokamilika mwaka 1855. Sehemu kubwa ya ile ya zamani imefunikwa na ziwa, pamoja na vijiji vilivyokuwa kando yake. Gatún ya zamani ilikuwa mji wa ndizi. Wakulima walizishusha kwa mitumbwi kupitia Mto Chagres, zikapakiwa kwenda kuuzwa Marekani. Walikuwa wafanyabiashara wenye soko la nje, siyo watu wa porini kama wengi wanavyodhani. Desemba 1912, Rais William Howard Taft wa Marekani alitoa amri ya kutwaa ardhi yote ya ukanda wa mfereji, na watu wakahamishwa.

Jambo hilo lingebaki kuwa historia kama mvua zisingepungua. Mwaka 2023 ukame ulishusha maji ya ziwa kiasi kwamba wasimamizi wa mfereji walipunguza meli kutoka 36 hivi kwa siku hadi 22 ilipofika Desemba. Foleni ikawa ndefu, na Novemba mwaka huo kampuni moja ya Japani ililipa karibu dola milioni 4 kwenye mnada ili meli yake ipite mbele ya wengine. Hiyo ilikuwa nje ya ushuru wa kawaida.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 wasimamizi walitangaza kwamba wataendelea na mpango wa bwawa jipya kwenye Mto Indio, magharibi ya ziwa, ambako treni ya watalii haifiki. Bwawa litafunika hekta 4,600 hivi, na maji yatapelekwa Gatún kwa handaki. Gharama imekadiriwa kuwa dola bilioni 1.6, na watu wapatao 2,000 watahamishwa. Wengi wao wanalima kahawa, mihogo na mpunga, na kufuga ng'ombe. Mwaka huohuo waliandamana kwa mitumbwi mtoni kuupinga mradi.

Wasimamizi wameahidi fidia na nyumba mpya. Sisi wachumi wa kilimo tunajua fidia ya namna hii inavyoweza kumpunja mkulima hata pale ambapo kila mtu ana nia njema. Mthamini huhesabu miche ya kahawa na kuipangia bei. Lakini mche mpya huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo familia inakula nini? Mto nao haumo kwenye fomu, ingawa ndiyo barabara ya kufikishia mazao sokoni. Jirani anayekupa jembe kwa mkopo na kukusaidia kuvuna, naye hahesabiwi.

Fedha ya kulipa vizuri zaidi ipo. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 mfereji ulipeleka serikalini karibu dola bilioni 2.5. Kwa maoni yangu, wanaotoa bonde lao wangepewa sehemu ndogo ya ushuru wa kila meli, mwaka hadi mwaka, badala ya hundi moja. Hesabu ya lita kwa kila meli tayari inajulikana, kwa hiyo kugawana kwa lita si kazi ngumu.