Askari Mstaafu na Msomi: Nani Apewe Kazi?

Jioni moja nyumbani kwetu ugali ulipoa mezani. Nafasi moja ya karani ilikuwa imetangazwa, na miongoni mwa walioiomba walikuwa baba yangu, askari mstaafu, na dada yangu aliyekuwa ametoka chuoni. Baba akasema, "Mimi nimelala porini nikilinda mpaka. Kazi hiyo ni haki yangu." Dada akajibu kwa upole, "Na mimi niliyekesha nikisoma je, baba?" Mimi nilinyamaza kimya. Lakini swali hilo lilinikaa rohoni, nikaanza kutafuta jinsi wengine walivyolijibu.

Nilijifunza mengi kutoka Marekani. Mwaka wa 1944, vita vikuu vya pili vikiendelea, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwafaa askari wake katika kazi za serikali kuu. Aliyefanya mtihani wa kazi aliongezewa alama 5 kwa kutumikia jeshi, au 10 ikiwa alipata ulemavu huko. Sababu yake inaeleweka. Askari alipokuwa vitani, mwenzake alikuwa nyumbani akisoma na kupanda cheo. Mchumia juani hulia kivulini, ati!

Lakini jimbo la Massachusetts lilipita hapo. Katika mitihani ya utumishi wa umma, askari mstaafu aliyefaulu aliwekwa juu ya raia wote, hata kama raia huyo alipata alama 100. Tena upendeleo huo ulikuwa wa maisha.

Basi sikia yaliyompata mama mmoja, Helen Feeney, aliyelitumikia jimbo hilo miaka 12. Mwaka wa 1971 alifanya mtihani wa kazi ya juu zaidi, akawa wa pili kwa alama. Orodha ilipotoka, kumbe yeye ni wa sita! Mbele yake walikuwa wanaume watano, wote askari wastaafu, na wanne kati yao aliwashinda kwa alama. Kazi ikaenda kwa askari mstaafu aliyepata alama za chini kuliko zake.

Mwaka wa 1975 Feeney alikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa kwamba zaidi ya asilimia 98 ya askari wastaafu wa jimbo hilo walikuwa wanaume. Na wanawake wangepitia wapi? Sheria ya nchi iliwawekea kikomo cha asilimia 2 ya jeshi hadi mwaka wa 1967. Yaani walifungiwa mlango wa kwanza, kisha wakaulizwa mbona hawakuingia wa pili.

Mwaka wa 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba sheria hiyo ilikuwa halali. Walisema lengo lake lilikuwa kuwasaidia askari, si kuwadhulumu wanawake, hata kama wanawake waliumia. Majaji wawili walikataa: walisema madhara yaliyo wazi namna hiyo hayawezi kuitwa bahati mbaya.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 232, yataka ushindani wa haki na ustahili, pamoja na nafasi za kutosha na sawa kwa wanaume na wanawake, makabila yote na walemavu. Sheria ya kaunti ya mwaka wa 2012 nayo yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Kwa hivyo upendeleo si jambo geni. Swali ni kipimo chake.

Maoni yangu ni haya. Alama chache za shukrani ni halali, kwani bado zinamwachia mwingine nafasi ya kushindana. Kufunga mlango kabisa ni dhuluma. Nilipomweleza baba hivyo, alinitazama kitambo, akasema, "Alama tano? Hizo nitazikubali." Dada naye akacheka, "Nami nitasoma zaidi nizifidie." Siku hiyo ugali uliliwa ukiwa moto.

Naam, Mgala muue na haki yake umpe. Wewe je, msomaji, ungeamuaje?