Mkasi wa Bei Kubwa

Wasikilizaji wetu, mara nyingi twaulizwa na wanafunzi wa ushoni: je, yafaa kulipa bei ya mikasi mitatu ili kupata mmoja?

Kwa mkasi wa kukatia nguo, yafaa. Mkasi haukati kwa ukali peke yake, bali kwa kuwa makali yake mawili husuguana tangu kwenye kiungo hata nchani. Ulio mzuri hufuliwa kwa feleji na kuungwa kwa skrubu. Ukilegea hukazwa, ukiwa butu hunolewa. Ule rahisi mara nyingi umepigwa ribiti isiyokazika. Ukilegea, nguo huingia kati ya makali ikatafunwa. Na mshonaji aliyeharibu kitambaa cha watu atakilipa kizima, pengine kwa fedha ipitayo ile aliyoihofia dukani.

Subana ni habari nyingine: ya shaba ya bei ndogo yatosha, mradi ikae kidoleni. Sindano hata zilizo bora ni za bei ndogo, basi hapo tusibanie.

Walakini wengi hununua mkasi mzuri kisha wakakatia karatasi, nayo mara nyingi ina unga wa chokaa au udongo ulao makali. Wetu tumeufunga utambaa mwekundu mpinini, na hata watoto wa nyumbani hawaugusi.

Asiye na fedha atafute uliokwisha kutumika, wenye skrubu, aupeleke kwa mnoaji. Kabla ya kulipa, akate kitambaa laini kwa ncha tu. Kikikunjika badala ya kukatika, aurudishe.