Kidonge cha ARV na Madini Yanayokizuia

Mama mjamzito anayeishi na virusi vya ukimwi hutoka kliniki, iwe Nyeri mjini, Karatina au Othaya, akiwa na dawa mbili mkobani. Ya kwanza ni TLD, kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ya pili ni tembe ya kuongeza damu, miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo hupewa wajawazito wote nchini Kenya. Zote mbili anazihitaji. Lakini akizimeza pamoja alfajiri kabla ya kutia chochote tumboni, ile ya damu huizuia ile ya virusi kuingia mwilini.

Chanzo cha ugomvi huu ni namna dolutegraviri inavyofanya kazi. Virusi hujipenyeza ndani ya vinasaba vya seli kwa msaada wa kimeng'enya chenye ioni mbili za magnesiamu. Dawa huzibana ioni hizo kama koleo, na kazi ya kirusi inakwama hapo. Bahati mbaya, koleo hilo halichagui. Likikutana na chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu au aluminiamu tumboni, hushika papo hapo, na dawa iliyokwisha kushikana na madini haipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Sehemu kubwa huishia chooni.

Watafiti walipima jambo hili kwa watu wenye afya waliojitolea. Dawa ikimezwa pamoja na chuma bila chakula, kiasi kilichofika kwenye damu kilipungua kwa asilimia 54. Kwa kalsiamu, asilimia 39. Kwa tembe ya multivitamini, asilimia 33. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu na magnesiamu ndiyo iliyoharibu zaidi: asilimia 74. Chuma au kalsiamu ilipomezwa pamoja na dawa wakati wa mlo, upungufu ulitoweka.

Ndipo ikapatikana kanuni ambayo mfamasia yeyote anapaswa kuieleza bila kuharakishwa na foleni. Anayemeza wakati wa kula anaweza kuchukua TLD pamoja na chuma au kalsiamu katika mlo huohuo. Anayemeza bila chakula aitangulize TLD kwa muda wa saa mbili, au akishameza madini asubiri saa sita ndipo ameze TLD. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu haina msamaha wa chakula: mtu awe ameshiba au ana njaa, ni saa mbili zilezile kabla, ama saa sita baada. Na kiungulia, kama wajuavyo kina mama, hupenda sana miezi ya mwisho ya ujauzito.

Wanaoshangazwa zaidi na kanuni hii ni wale waliozoea ARV kwa miaka mingi. Zamani walimeza efavirenzi usiku, na vitamini wakachukua saa yoyote bila madhara, kwa kuwa efavirenzi haina uhasama na madini. Mwaka 2017 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu, na baadaye wengi wakahamishiwa TLD. Kidonge kilibadilika; mazoea ya mezani yakabaki.

Wengi wao sasa wamezeeka, nalo ni jambo la kushukuru. Nyeri ilichaguliwa mwaka 2018 kuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa kama kisukari. Basi mzee mmoja anaweza kuwa na TLD, metformini ya sukari, kalsiamu ya mifupa na chupa ya dawa ya kiungulia, kila kimoja kimetoka mlango tofauti. Dolutegraviri huongeza metformini kwenye damu, kwa hiyo kipimo cha metformini kwa kawaida hakipitishwi miligramu 1,000 kwa siku. Metformini nayo ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Kuiongeza hakuleti shida, kwani B12 peke yake haigombani na TLD. Vivyo hivyo B6, ambayo hutolewa pamoja na isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu ili miguu isiwake moto. Adui ni madini, si vitamini.

Je, vitamini nyingi zaidi huleta nguvu zaidi? Wauzaji wa virutubisho husema hivyo. Dar es Salaam imelijibu swali hilo mara mbili. Utafiti wa wajawazito 1,078 waliokuwa hawajaanza ARV, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba vitamini B, C na E zilichelewesha ugonjwa. Vitamini A haikusaidia hivyo, na iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kisha wagonjwa 3,418 walioanza ARV wakapewa ama kipimo kikubwa cha vitamini ama cha kawaida. Matokeo ya 2012: kipimo kikubwa hakikupunguza vifo, bali kiliongeza dalili za ini kuelemewa, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Anayekula vizuri na kumeza dawa zake hana haja ya kununua chupa ya pesa nyingi.

Unga wa magome, kama muiri na muthiga, ni kesi nyingine. Hauna lebo ya kiasi, na mfamasia hawezi kupanga saa za kitu asichojua kina nini ndani. Mgonjwa na aende nao kliniki hata hivyo, pamoja na kila chupa iliyo nyumbani. Kama hesabu ya virusi imeanza kupanda ilhali anaapa hajaruka hata siku moja, swali la kwanza liwe: unameza na nini?

Chuma kilicho ndani ya terere, njahi au thabai hakina shida hii; chakula ni chakula. Kwa mjamzito wa Nyeri, mpangilio rahisi ni huu: TLD na tembe ya damu pamoja, katikati ya chakula cha jioni, kila siku wakati uleule. Chai isubiri kidogo, kwa sababu majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa, na tembe ya damu itakuwa imemezwa bure.